Muganga eko, dokta hayuko: nani aingie shule, na kwa masharti gani?

Vijana wenzetu wa Goma, Sake, Masisi na Walikale, na ninyi mliotawanyika Kinshasa, Bujumbura, Kampala na Nairobi,

Ukifika usiku kwenye kituo cha afya cha kijiji, huko Masisi ao Walikale, swali la kwanza ni moja tu: "Muganga eko?" Wakikujibu eko, wale waliobeba kipoyi wanakishusha na kupumua. Hakuna anayeuliza dokta. Kila mtu anajua dokta yuko kwenye hospitali kuu ya zoni, na kati ya kijiji na hospitali kuna mlima, matope, na siku hizi vizuizi vya watu wenye silaha.

Sasa huyo muganga ni nani? Kwenye makaratasi ya Serikali yeye ni muuguzi wa A2, mtu aliyemaliza ITM. Kazi ya muuguzi, kama vitabu vinavyosema, ni kutunza mgonjwa ambaye daktari amekwisha kumpima. Lakini huyu wa kwetu anapima mwenyewe. Anafuata ordinogrami iliyobandikwa ukutani, anaandika dawa, anashona kidonda cha panga, anazalisha, anaamua nani abaki na nani abebwe. Kenya mtu wa kazi hiyo anaitwa afisa wa kliniki. Tanzania anaitwa tabibu. Marekani ni msaidizi wa daktari, na ana leseni yake na mshahara wake. Kwetu kazi iko, jina halipo, mshahara mara nyingi haupo, na ikitokea bahati mbaya hakuna sheria inayosema alikuwa na ruhusa ya kufanya aliyofanya.

Tunaandika juu ya hili kwa sababu wengi wenu mmetuuliza, hasa ninyi mliotoka kambini: kijana wa Masisi afanye nini ili afanye kazi hiyo? Na wengine mkaongeza ombi: harakati yetu ipiganie mtihani wa kuingia ufutwe kwa vijana wa vita. Tutajibu yote mawili. Jibu la pili halitawafurahisha wote, hata kati yetu halikupita bila kelele.

Tuanze na masharti yalivyo leo. Njia ni mbili. Ya kwanza ni ITM, shule ya ufundi wa afya ya kiwango cha sekondari. Kwa mpango ambao wengi wa waganga wetu walisomea, mtoto anaingia baada ya miaka miwili ya kwanza ya sekondari, anasoma miaka minne, anatoka A2. Ya pili ni ISTM, kama ile ya Goma: hapo unaingia na diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari, unasoma miaka mitatu, unatoka A1. ITM ziko chini ya Wizara ya Afya, ISTM ziko chini ya Wizara ya Elimu ya Juu. Mgonjwa ni mmoja, mawaziri ni wawili, na kila mmoja ana muhuri wake. Ukitaka kuwa daktari kamili, hiyo ni fakulte ya udaktari kwenye chuo kikuu, miaka sita ao zaidi, na tuseme ukweli: dokta aliyesoma miaka hiyo yote mjini, ni wachache wanaokubali kwenda kuishi Itebero.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Yasiyoandikwa ndiyo yanayoamua.

Mmoja wetu alizaliwa Masisi, akapata diploma yake ya Serikali kwa asilimia nzuri tu. Alipofika kujiandikisha kwenye shule moja, hakuna aliyemuuliza biolojia wala kemia. Aliulizwa kama ameleta dola za kujiandikisha. Akaleta, mama yake aliuza mbuzi. Kisha ikaja minervali kwa vipande, blauzi nyeupe, sillabi za kila profesa, na malipo ya staji. Rudia kusoma hapo: mwanafunzi analipa ili akafanye kazi bure hospitalini. Mwaka wa pili vita ikafika kwao, mashamba yakabaki nyuma, na mwenzetu akafukuzwa darasani kwa deni wakati alikuwa kati ya wa kwanza. Leo anauza unité za simu kwenye barabara kuu. Darasani walibaki wengine ambao, kwa maneno yake mwenyewe, "hata kusoma termometa ilikuwa shida, lakini makuta ilikuwa."

Hatutaji shule hiyo, maana haiko peke yake. Tunachotaka mkione ni hiki: mlango wetu ni mgumu kwa mfuko na mwepesi kwa kichwa. Ingepaswa iwe kinyume.

Njo maana hatukubali mtihani ufutwe.

Tunajua jibu lenu. Mtasema sisi tumekwisha kupata diploma zetu, sasa tunawafungia wengine. Diploma tunazo, ndiyo, na hazitulishi. Lakini fikirini mama aliyejifungua saa nane ya usiku huko Walikale na kondo la nyuma limekataa kutoka. Mmoja wetu alikuwa kwenye staji siku kama hiyo. Damu inatoka, hospitali ni siku nzima kwa pikipiki, mvua inanyesha. Muganga wa kituo, mtu wa A2 mwenye miaka kumi na kitu ya kazi, hakupiga kelele. Aliosha mikono, akavaa glavu, akaingiza mkono, akalitoa kwa utaratibu, akachoma oksitosini, akakaa na yule mama mpaka asubuhi akikanda tumbo. Alipona. Sasa badala ya huyo muganga weka mtu aliyeingia shule kwa huruma na kutoka kwa bahasha. Huyo mama ni dada yako. Mtoto wa vita ana haki ya kusaidiwa afike kwenye mtihani akiwa ameshiba, akiwa na daftari, akiwa amefanya mwaka wa maandalizi bila kulipa. Lakini akifika, ajibu maswali sawa na wengine.

Na jirani zetu wanafanyaje? Tanzania, kijana anaingia kusomea utabibu akiwa amefaulu angalau masomo manne ya kidato cha nne, na kati ya hayo lazima ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Anasoma miaka mitatu. Hesabu na Kiingereza vinamwongezea nafasi, havimfungii mlango. Kenya wanadai wastani wa C kwenye mtihani wa mwisho wa sekondari, kisha miaka mitatu ya diploma, kisha mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitalini chini ya macho ya wakubwa, na tangu 2017 kuna sheria nzima inayosema nani anafundishwa, nani anaandikishwa na nani anapewa leseni. Angalieni: hakuna hata nchi moja kati ya hizo inayodai mtu awe mtoto wa tajiri wa akili za ajabu. Wanadai sayansi, miaka mitatu yenye kazi ya mikono, na daftari la umma ambalo jina lako linaweza kufutwa ukifanya upuuzi.

Marekani kisa chao kinatuhusu zaidi kuliko mnavyofikiri. Mwaka wa 1965, kwenye Chuo Kikuu cha Duke, daktari mmoja, Eugene Stead, alichukua wanaume wanne waliokuwa wamefanya kazi ya tiba kwenye jeshi la majini. Walikuwa wameshika damu na mifupa, lakini wakirudi nyumbani hakuna hospitali iliyowatambua. Akawafundisha yaliyowapungukia, na hapo kazi ya msaidizi wa daktari ikaanza. Leo kuingia shule hizo ni kugumu sana, unahitaji kwanza shahada ya chuo kikuu, kisha zaidi ya miaka miwili, kisha mtihani wa taifa. Lakini mwanzo wake ulikuwa watu ambao vita iliwafundisha, na chuo kikuu hakikuona haya kuwafungulia mlango.

Masisi na Walikale vita iko tangu 1993. Kuna waganga kule ambao wameona majeraha ya risasi mengi kuliko maprofesa wa Ulaya. Wengine wamefanya kazi miaka pembeni ya timu za Madaktari Wasio na Mipaka, Masisi, Mweso na Walikale, wamejifunza kupanga wagonjwa wakati thelathini wanafika pamoja, wamejifunza malaria ya mtoto aliyezimia, kipindupindu, utapiamlo. Timu zikifunga mizigo kwa sababu ya usalama, wao ndio wanabaki na ufunguo. Je, kuna ofisi yoyote ya Kinshasa iliyowahi kuwauliza: mnajua nini, na tuwaongezee nini?

Tusidanganywe kwamba jambo hili ni la kigeni. Kongo ilikuwa nayo kabla ya Kenya kuwa huru. Tangu miaka ya 1930, Wabelgiji walifundisha Wakongo waliowaita wasaidizi wa tiba, Léopoldville na Kisantu. Walisoma miaka mingi, walifanya kazi nyingi za daktari, na waliambiwa hawatakuwa madaktari kamwe. Shule ya udaktari kwa Mkongo ilikuja tu na Lovanium, 1954. Hivyo tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, nchi kubwa hivi haikuwa na daktari hata mmoja wa kwake. Wiki chache baadaye Wabelgiji wengi wakapanda ndege.

Nani alishika hospitali? Wale wasaidizi. Kisha Shirika la Afya Duniani likafanya jambo la akili: likawapa zaidi ya 50 kati yao masomo Ufaransa, wamalizie walichonyimwa. Hawakuambiwa waanze mwanzo kama watoto. Walihesabiwa yale waliyokuwa wanajua. Baada ya miaka michache wakarudi madaktari kamili. Ndiyo kusema nchi hii, kwenye mwaka wake mbaya kabisa, imekwisha kuonyesha kwamba daraja kati ya muganga na daktari linaweza kujengwa haraka bila kushusha kiwango. Kisha tukalibomoa wenyewe, ao tuseme tuliacha mvua ilibomoe.

Kuna watakaosema: subirini vita iishe kwanza. Msumbiji hawakusubiri. Mwaka wa 1984, wakati barabara zao zilikuwa zinachomwa moto, walianza kufundisha mafundi wa upasuaji, watu ambao si madaktari lakini wanajua kufanya upasuaji wa mama mjamzito na kukata mguu uliooza. Baadaye watafiti waliwafuatilia. Baada ya miaka saba, asilimia 88 ya mafundi waliopelekwa kwenye hospitali za wilaya walikuwa bado kule. Madaktari waliopelekwa kwenye hospitali hizo hizo? Hakuna aliyebaki. Hatusemi madaktari ni watu wabaya. Tunasema ukimchagua mtu ambaye mama yake anaishi Pinga, kuna nafasi kubwa atabaki Pinga.

Kwa hiyo sharti la kwanza ambalo tunataka liandikwe kwenye karatasi ya kujiandikisha halipo leo: unatoka wapi, na utarudi wapi. Walikale peke yake ina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 23,000, karibu sawa na Rwanda nzima, na ina zoni nne za afya tu: Walikale, Pinga, Itebero na Kibua. Nafasi za shule zigawanywe kwa zoni, na mtihani ufanyike kule kule, Masisi-centre, Mweso, Katoyi, Kibua, siku moja, karatasi bila majina, matokeo yabandikwe ukutani na alama zake. Kijana asilazimike kuvuka mistari miwili ya vita ili aende kuonyesha kwamba anajua mzunguko wa damu.

Na pesa itatoka wapi? Hapa tunakasirika kidogo, mtusamehe. Chini ya udongo wa Walikale, kule Bisie, inatoka karibu asilimia 6 ya bati ya dunia nzima. Simu unayosomea maneno haya, pengine kuna Walikale ndani yake. Kanuni ya madini ya 2018 inasema asilimia 15 ya mrabaha irudi kwa eneo linalochimbwa, yaani sekta kama Wanianga, na asilimia 25 kwa jimbo. Tena kampuni inapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Tunataka sehemu inayojulikana ya pesa hiyo ilipe minervali, chakula na staji ya wanafunzi wa afya wa Walikale, na wa Masisi pia, ambao koltani ya Rubaya imewaletea bunduki zaidi kuliko madarasa. Mwanafunzi atasaini kwamba atatumikia zoni yake miaka mitano. Akikimbia kabla, arudishe. Elimu ya bure iliyoanza 2019 ilikuwa ya shule ya msingi tu. Haikumgusa huyu.

Lakini tusirudie kosa tunalolijua kwa miili yetu. Sisi tunaoandika tuko na diploma na hatuna kazi. Kuna A1 kati yetu anayeendesha motari Goma, wakati kituo cha afya cha kijiji chao kina mtu mmoja mchovu na msaidizi anayeweza tu kufagia. Nchi inafungua shule kama vioski, inatoa wahitimu, kisha haiwaingizi kwenye listi ya mishahara. Wanaitwa sehemu mpya, wanafanya kazi miaka bila matrikile, wanaishi kwa kile mgonjwa alicholipa, na hapo tunashangaa kwa nini kipimo cha malaria kinauzwa ghali. Basi idadi ya wanaoingia shule ifuate idadi ya nafasi zilizo na mshahara. Kama Serikali itakubali nafasi 40 kwa zoni zote za Masisi na Walikale, waingie 40, na kila mmoja ajue siku ya kwanza ni kituo gani kinamngoja. Afadhali hao kuliko 400 wa kupiga picha na kofia ya mahafali. Na nafasi za kwanza ziwe za A2 waliokwisha kufanya kazi miaka mingi: wafanye mtihani huo huo, wasome kwa vipindi kwenye hospitali kuu ya zoni huku kituo chao kikishikwa na mwenzao, wasipoteze kidogo wanachopata.

Limebaki jambo la makaratasi, na hapa ndipo tunahitaji mikono yenu mwezi huu. Februari 2025, watu wa kambi za Bulengo, Lushagala na nyingine za kando ya Goma waliambiwa waondoke kwa siku chache. Wengi waliondoka na godoro na sufuria. Diploma, buletini, cheti cha kuzaliwa, vilibaki chini ya bashi ao viliungua zamani huko Masisi. Sasa kijana anaambiwa alete karatasi asilia, tena kutoka ofisi iliyo upande mwingine wa mstari wa vita. Kukatisha mstari huo kwa ajili ya muhuri ni kucheza na uhai. Lakini majina ya waliofaulu mtihani wa Serikali yako kwenye listi za Serikali yenyewe. Hawaleti karatasi kwa sababu hawana, wizara inayo. Tunadai shule zikubali mwanafunzi kwa muda, kwa jina lake kwenye listi ya matokeo na mashahidi wawili, mpaka nakala ipatikane. Na wenye bunduki, wa pande zote, wanaoshika barabara ya Sake, Masisi mpaka Walikale: mwanafunzi wa afya mwenye blauzi kwenye begi asilipishwe wala asizuiwe.

Barua yenye madai haya inaandikwa kwa Wizara ya Afya na ile ya Elimu ya Juu, na nakala itaenda kwa wakubwa wa zoni nane za Masisi na Walikale. Kabla haijatoka, tunataka kuiambatanisha na listi. Kama ulikuwa ITM ao ISTM ukaacha kwa sababu ya vita ao pesa, tuandikie mwaka wako wa masomo na zoni unayotoka. Usiweke jina lako, usiweke mahali unapolala sasa. Kama wewe ni muganga wa kituo, tuambie tu miaka uliyofanya kazi na ile uliyolipwa. Na kama diploma yako bado iko nyumbani, ipige picha leo jioni, mbele na nyuma, umtumie ndugu aliye mji mwingine.